Jioni ya redio ya zamani: muziki mtamu, sabufa kero, na kadi yangu isiyosomwa

Nianze na bei, maana ndilo swali ninaloulizwa tangu Jumapili. Kiti cha kawaida shilingi 25,000. Viti vya mbele, vyenye meza, kitambaa cheupe na chupa ya maji, 50,000. Mimi na wifi yangu tulilipia vya kawaida, tukapewa safu ya saba upande wa kushoto, jirani na mlango wa chooni. Wifi alinuna. Kumbe hicho kiti ndicho kilichotuokoa, nitaeleza.

Tangazo lilisema jioni ya muziki na mazungumzo kuhusu redio ya taifa ya miaka ya mwanzo, toka Sauti ya Dar es Salaam mpaka Radio Tanzania ilipokomaa. Saa 12 kamili jioni. Mimi ni fundi cherehani, nikimwahidi mtu Alhamisi basi ni Alhamisi, kwa hiyo saa 12 kasorobo nilikuwa mlangoni na kitenge changu cha kutokea. Tukaingizwa saa 12 na nusu. Shughuli ikaanza saa 1 na dakika 20. Muda huo wote tulikuwa tunapigwa na kiyoyozi kilichofunguliwa kama tuko bucha. Wifi akatoa kanga kwenye mkoba, akajifunika mabega, akasema, "Wewe na redio yako." Ndiyo ya kwanza hiyo. Usiku ule nilihesabu aliitamka mara nane.

Redio yangu ni hivi. Nimezaliwa Morogoro mwaka 1962. Marehemu baba alikuwa fundi redio, kibanda chake kilikuwa karibu na soko, meza moja, kabati moja la vipuri na benchi la wateja lililokuwa linajaa watu wasio wateja. Mimi nilikulia chini ya ile meza. Harufu ya lehemu mpaka leo nikiisikia naona viatu vya baba. Redio aliyoitengeneza ikapona hakuizima. Aliiacha iimbe kutwa nzima, akisema anaipima, na mwenyewe akija kuichukua jioni alikuta benchi zima linamtazama kwa chuki. Kwa hiyo sikwenda pale kuburudika tu. Nilikwenda kukagua.

Walianza vizuri sana. Taa zikazimwa, ikapigwa ile ngoma. Waliokuwa na umri wa kuisikia wanajua ninayoisema, ngoma iliyotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mama mmoja mbele yetu, mnene, mwenye miwani, alikuwa anaongea na simu. Ngoma ilipolia akakata simu bila kuaga na kukaa wima. Mikono yangu yenyewe ikaacha kuchezea mkoba. Nyumbani kwetu ngoma ile ikilia baba aliinua kidole kimoja tu, hakusema kitu, na aliyekuwa na kijiko mdomoni alibaki nacho.

Basi, sekunde chache tu, mshereheshaji akaikata. "Makofi kwa Tanzania yetuuu!" Wifi akanitazama. Nikajua usiku utakuwa wa kukatwakatwa.

Hotuba za wageni waalikwa zilichukua dakika 35 na sina la kuzisemea.

Mzungumzaji wa kwanza alikuwa mtangazaji mstaafu. Sauti bado anayo, ile sauti inayotoka tumboni, kila neno limepigwa pasi. Alitupitisha kwenye miaka: 1951 kituo cha majaribio kinaanza kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na jina lilikuwa la kweli kabisa, maana wakati huo kilisikika Dar na vitongoji vyake. Watu wa bara waliendelea na maisha yao bila habari nacho. Mwaka 1956 likaundwa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation. Mwaka 1965 shirika likavunjwa, redio ikawekwa chini ya serikali moja kwa moja na kupewa jina ambalo wengi wetu tulikua nalo, Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumba yake ilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Alisimulia pia Januari 1964, wanajeshi walipoasi na kituo cha redio kikawa miongoni mwa sehemu za kwanza walizozishika. Hapo ukumbi ulitulia, maana mpaka leo mwenye akili ya namna hiyo anaanza kwa kutafuta ilipo maikrofoni.

Nilichompendea mzee huyu ni kwamba hakutukuza kila kitu. Alisema wazi kuwa redio ilikuwa ya serikali na ilisema ya serikali. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla bendi haijaruhusiwa kurekodi, na wapo waliorudishwa nyumbani na daftari lao. Alisema hivyo kwa tabasamu, ila alisema.

Halafu akafika kwenye idhaa ya nje. Jamani, hiyo peke yake ilistahili jioni nzima. Wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, wenzao wa Zimbabwe, walikuwa wanaongea na watu wao nyumbani kupitia mitambo yetu. Mtu amejifungia chumbani Soweto, sauti imeshushwa chini kabisa, anasikiliza Dar es Salaam, na akikamatwa anafungwa. Tulipewa dakika tano. Kijana mmoja wa nyuma aliinua mkono kuuliza matangazo yale yalikuwa yanatayarishwa vipi, lugha ngapi, nani alikuwa anasoma. Mshereheshaji akasema muda hauko upande wetu. Dakika 35 za wageni waalikwa muda ulikuwa upande wa nani?

Sasa muziki.

Wenye shughuli walikuwa wamepata rekodi za zamani, safi kuliko nilivyotegemea, wakawa wanazipiga kati ya mazungumzo. Na kwenye kona ya kulia ya jukwaa walikuwa wamesimamisha sabufa mbili za kimo cha kabati la nguo. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa 1964, ambayo watoto wa leo wanaijua kwa jina la Msondo. Gitaa la besi likatoka kwenye zile sabufa kama mtu anasogeza kitanda ghorofani. Waimbaji hawakusikika. Tarumbeta zilisikika kwa mbali kama za harusi ya mtaa wa pili. Wa meza za 50,000 walikuwa mbele ya hayo makabati kabisa, nikaona mzee mmoja ametia kidole sikioni huku anajaribu kutabasamu. Sisi wa mlango wa chooni tulipata afadhali. Kununa kwa wifi kukapungua kidogo kidogo.

Na kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko sabufa: wimbo haukuachwa ukaisha. Beti mbili, kiitikio, sauti inashushwa, mshereheshaji huyo. Kila wimbo. Nyimbo za dansi za wakati ule zina mwendo wake. Kwanza mnasimuliwa kisa taratibu, magitaa yanaongea yenyewe kwa yenyewe, halafu ndipo linakuja chemko, mwendo unabadilika, watu wanainuka. Sasa ukikata kabla ya chemko umempikia mtu pilau ukamnyang'anya sahani kitunguu kimeanza kunukia. Nilihesabu nyimbo sita zilizokatwa kipindi cha kwanza. Redio ile haikuwa hivyo. Watangazaji wake waliuacha wimbo ukafika, hata kama ulibakiza kipande tu kabla ya saa, na sauti zao walizipenyeza mwishoni kwa adabu.

Mapumziko yakaja saa 2 na nusu. Chakula nikiseme upesi: mishikaki 3,000 kwa miwili, migumu. Chipsi zilikuwa zimepoa kitambo. Chai ya tangawizi ya 1,000, iliyouzwa na dada mmoja nje kabisa ya mlango ambaye nadhani hakuwa hata sehemu ya shughuli, ndiyo ilikuwa kitu cha kuwekwa mdomoni pale. Nilikunywa viwili.

Nikiwa na kikombe cha pili nikamfuata kijana wa mitambo. Kijana mdogo, rasta, heshima tele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo makabati unaweza kuyazima?"

Akacheka. "Mama, hizo ndiyo zinaleta raha."

"Zinaleta raha kwa nyimbo za juzi. Hizi zilirekodiwa chumba kimoja, watu kumi wamesimama pamoja, maikrofoni za kuhesabu. Besi yake inakupapasa. Wewe unatupiga nayo ngumi."

Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayeniambia kitambaa cha mita mbili kitatosha gauni na kilemba. Lakini akavaa vile vya masikioni, akapiga kipande, akashusha kitufe kimoja pole pole, akapandisha kingine, macho kwangu. Gitaa la solo likajitokeza pale lilipokuwa limefukiwa. Akasema, "Ee!" Hiyo tu. Kipindi cha pili sabufa zilikuwa kama hazipo. Kwa hiyo mliokuwepo mkaona mambo yamebadilika baada ya chai, mnishukuru mimi na yule kijana, na kama kuna mtu anatafuta fundi mitambo anayesikiliza, wa kwangu nimemwona.

Kipindi cha pili kilifunguliwa na mzungumzaji wa usiku mzima, kwa maoni yangu. Naye mstaafu, fundi mitambo wa studio. Hakuwa na karatasi wala slaidi. Alikuja na mkanda mmoja, ule mpana unaozungushwa kwenye gurudumu, akaunyoosha kwa vidole mbele yetu kama mimi ninavyonyoosha lastiki kuona kama imekufa. Akasema bendi zilikuja studio na vyombo vyao, wakapangwa: mwimbaji karibu, magitaa pale, wapulizaji kule nyuma, maana saksafoni ikisogea inameza wote. Halafu wanapiga wote kwa pamoja toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kusema tutarekebisha baadaye. Mpiga tarumbeta akikosea dakika ya nne, mnarudi dakika ya kwanza, na wenzake wote wanamtazama. "Ndiyo maana," akasema, "ukisikiliza vizuri unasikia watu wamebana pumzi." Ukumbi ulicheka, ila mimi niliinama. Miaka yote nimesikia kitu kwenye nyimbo zile nikakosa jina lake.

Akaeleza na jambo ambalo vijana wa pale hawakuwa nalo: nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka santuri ilitegemea Nairobi. Iliyobaki nyumbani ilitegemea redio, na kile ilichokirekodi kiliingia maktaba ya redio. Kwa nyimbo nyingi ule mkanda ndio nakala pekee. Ndiyo kusema kwa miaka ile Radio Tanzania ilikuwa studio, duka na kabati la kumbukumbu kwa wakati mmoja, na mwanamuziki alilipwa zaidi kwa umaarufu kuliko kwa noti. Jina likipaa redioni, ukumbi unajaa Jumamosi, na hapo ndipo pesa. Baba alikuwa akisema hivyo hivyo kuhusu wanamuziki waliokuja kibandani kwake: wote wanajulikana, wote wanakopa.

Akamaliza kwa kumwomba yule kijana wangu wa sabufa apige wimbo mmoja wa Morogoro Jazz, na akaongeza, "Usiukate."

Haukukatwa. Mbaraka Mwinshehe alianza na gitaa lake, lile linalokuja kama mtu anayeongea huku anatembea, na mimi nikarudi chini ya meza. Sisi watu wa Morogoro tuna kiburi na huyu mtu, msituonee. Bendi ile ilianzishwa 1944, mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe. Mwaka 1970 walikwenda kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, na mji mzima ulitembea kwa mabega juu. Alipofariki kwa ajali ya gari huko Kenya, Januari 1979, nilikuwa binti wa kujifunza cherehani. Redio zote za kibandani na za vibanda vya jirani zilikuwa zinapiga yeye, na baba hakugusa bisibisi siku ile. Naye Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Morogoro hiyo hiyo, ajali ilikuwa imemchukua 1965. Mji mmoja, mabwana wawili, barabara.

Wimbo ulipofika chemko, yule mama mnene wa mbele yetu akainuka. Akafuatwa na mumewe. Kisha safu nzima. Wifi yangu, ambaye ni mtu wa Tabora na usiku kucha alikuwa ananisimanga kwamba gitaa lilizaliwa kwao, kwa Kiko Kids na Tabora Jazz, akainuka naye.

"Si ulisema huyu hajui gitaa?"

"Nanyoosha miguu."

Alinyoosha miguu dakika nne, na kiuno.

Kulikuwa na bendi ya vijana pia, wakapiga nyimbo nne za zamani moja kwa moja jukwaani. Niwe mkweli, nilijiandaa kuwachukia. Wapulizaji wawili, magitaa matatu, tumba, dramu, waimbaji watatu wenye suti za bluu zilizoshonwa vizuri, mapindo yamelala, nilikagua. Wameusoma muziki ule. Kasoro yao ni haraka. Wanaukimbiza, kama wanaogopa tutachoka. Na hakuna kati yao aliyekubali kuwa gitaa la katikati, lile linalojaza bila kuonekana. Wote watatu walitaka kuwa solo. Dada mwimbaji alikuwa bora wa wote. Angepewa nyimbo mbili zaidi nisingelalamika kuhusu mishikaki.

Baada ya hapo wakaweka kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi ya ratiba, na hapa niwapongeze walioandaa kwa moyo wote. Mtangazaji mstaafu alirudi, akasimama bila muziki nyuma yake, akasoma tangazo la kifo kwa mtindo wa zamani. Halikuwa la mtu halisi, alisema hivyo mapema. Lakini lilikuwa na kila kitu: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake, kilichotokea hospitali fulani, mazishi siku fulani, na kisha, "habari ziwafikie..." Akaanza majina na miji. Mtu Kigoma, mtu Songea, mtu Mwanza kwenye kiwanda, mtu mgodini, mtu ambaye haijulikani aliko, popote alipo. Hakuharakisha hata jina moja.

Bibi yetu mzaa baba alipofariki, shangazi alikuwa Kigoma. Barua ingechukua wiki. Simu ilikuwa ya wenye simu. Baba alikwenda kulipia tangazo, na shangazi hakulisikia yeye mwenyewe. Alilisikia mwanamke wa nyumba ya tatu akiwa anapika, akaacha chungu motoni, akaja kugonga. Shangazi akapanda treni. Maziko hakuyawahi lakini tulikuwa hatujaanua tanga. Kila alipokuja nyumbani, miaka na miaka, alikuwa anasimulia kile chungu kilivyoungua. Ndiyo maana mtu alikuwa hazimi redio wakati wa matangazo ya vifo hata kama hamjui mtu yeyote. Unaweza kuwa wewe ndiye mwanamke wa nyumba ya tatu.

Ukumbi haukupiga makofi. Mshereheshaji naye, kwa mara ya kwanza, alikosa la kusema, Mungu ambariki.

Mada ya elimu kwa redio iliwekwa mwisho, watu wakiwa wameanza kuangalia saa, na ilikuwa makosa. Dada aliyeizungumza aliijua kweli. Alieleza kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973: wiki 12, redio inatangaza kipindi, vikundi vimekaa kusikiliza nchi nzima, vina vijitabu, vikimaliza vinajadiliana na kuamua la kufanya. Viongozi wa vikundi kama 75,000 walifundishwa, na walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni 2. Watoto wawili mbele yetu waliposikia hiyo milioni 2 walipigana kumbo. Nchi haina televisheni bara, simu za kuhesabu, na watu milioni 2 wamekaa chini kusikiliza habari za kichocho na safura.

Mimi nilikuwa na miaka 11 na nilikuwepo. Kikundi cha mama kilikutana kibandani kwa baba kwa sababu ndiko kulikuwa na redio isiyokoroma. Wanawake tisa, wanaume wanne. Kipindi kikiisha baba anaizima, mama anasoma kijitabu kwa sauti, wanabishana. Wiki iliyozungumziwa vyoo wakakubaliana kila nyumba ichimbe au ifukue upya. Baba, ambaye alitoa redio, betri na benchi, ndiye aliyekuwa na choo kibovu kuliko wote mtaani. Mama alimwambia mbele ya watu 13. Jumamosi ile kibanda kilifungwa, na mafundi wengine walipita kumtazama fundi redio akiwa shimoni kifua wazi. Dada yule angepewa nusu saa angepata mikono hamsini ya watu wenye kisa kama changu. Alipewa dakika 12. Kipindi cha watoto cha Mama na Mwana cha Deborah Mwenda, ambacho kimelea nusu ya ukumbi ule, kilitajwa kwa sentensi moja akiwa anakusanya karatasi zake.

Basi kama ni nguo, ningesema kitambaa ni kizuri sana, aliyekata hakuwa na haraka ya kutosha kwenye hotuba na alikuwa na haraka mno kwenye mambo yenyewe, na pindo limeachwa. Ningelipa tena 25,000? Ningelipa. 50,000 usilipe, kaa kushoto. Chukua kanga au sweta. Kula nyumbani, chai kanywe nje kwa yule dada. Ukiwa na mzazi aliyezaliwa kabla ya uhuru mpeleke, ila mwambie mapema kwamba ngoma ya habari itakatwa, asije akaumia.

Na lipo la mwisho. Mlangoni walitugawia kadi ndogo na kalamu, tuandike salamu kama za zamani, zitasomwa mwisho na wanafunzi wawili waliofundishwa kusoma kwa mtindo ule. Wazo zuri mno. Watoto wale walisoma vizuri, kwa zamu, mvulana na msichana, bila mzaha. Walisoma kadi 11. Kisha mshereheshaji akaangalia saa. Boksi lilikuwa limejaa. Wifi yangu yake ilisomwa, ya tisa, akasalimia Tabora nzima, na njia yote kwenye bajaji hakuniacha nipumue. Yangu ilibaki ndani, na kwa kuwa niliilipia, naiweka hapa.

Mimi ni fundi cherehani wa Temeke, mzaliwa wa Morogoro. Nawasalimu dada yangu mkubwa na shemeji walioko Kilosa. Watoto wangu watatu, wa Mbeya, wa Arusha na wa hapa hapa asiyekuja kunitembelea. Fundi mwenzangu wa Tandika aliyeniazima mkasi wa zigizaga mwezi wa tatu, naurudisha. Jirani aliyeniingizia nguo mvua ilipoanza. Wote waliokaa kwenye lile benchi la sokoni, waliohai na waliotangulia. Na wifi yangu, niliyekaa naye hapa, asijione. Ujumbe: mwenye nguo ya Idi ailete mapema. Wimbo: wowote wa Morogoro Jazz, ila upigwe mpaka mwisho.